Chini ya Sitini

Jumatatu, 4 Machi

Mwalimu wa mazoezi pale kliniki ameniambia niandike kila siku nilichofanya na nilivyojisikia. Nilimwambia mimi ni fundi cherehani, kalamu yangu ni chaki. Akasema hata mstari mmoja unatosha. Haya, mstari wa kwanza ni huu: nipo hai, na nalalamika.

Leo umefika mzigo kutoka kwa binti yangu. Ndani mna saa ya mkononi ya kuonyesha mapigo ya moyo, pamoja na mikanda miwili ya kifuani, mmoja wa kuvaa na mmoja wa akiba. Mkanda unafungwa chini ya matiti, unausikiliza moyo, halafu unaipelekea saa habari. Binti anasema saa yenyewe ni ya mtindo wa zamani lakini ni nzima. Mkanda wa akiba nimeutia kwenye kopo la vifungo, maana katika nyumba hii kitu kikiwekwa mahali pazuri hakionekani tena.

Kaka yangu alikuja kuchungulia. Watu humwita Cheche kwa sababu ya kazi yake ya kuchomelea vyuma. Na yeye tangu nitoke hospitalini ananiita Bi Betri, kwa ajili ya kile kimashine walichonishonea chini ya mtulinga ili kiusukume moyo wangu unapolegea.

"Sasa kama betri iko ndani," akasema, "huo mkanda wa nini?"

Nilikuwa nimechoka kueleza habari za moyo wangu kwa kila anayepita. "Ya ndani ni kibarua tu," nikamwambia. "Fundi mwenyewe ni huu mkanda. Nikiuvua, naanguka."

"Na ukiuvaa?"

"Nikiuvaa hutaniona nimeanguka tena maisha yako yote."

Akatikisa kichwa, akacheka. Nami nikacheka, kisha nikarudi kwenye sare ninazoshona.

Mvua imeanza. Mwalimu alitaka nitembee nje, lakini barabara yetu sasa ni tope tupu, kwa hiyo natembea kwenye korido, kutoka chumba cha mbele ninaposhonea hadi mlango wa chumba cha Baba huko mwisho, na kurudi. Nyuma ya chumba cha Baba, ukuta kwa ukuta, ndiko iliko karakana ya Kaka. Nimekatazwa kukanyaga huko mashine ya kuchomelea ikiwa inafanya kazi, kwa sababu umeme wake unaweza kuivuruga betri yangu. Sina hamu nako hata hivyo. Kunanuka chuma kilichoungua.

Jumanne, 5 Machi

Nimetembea. Sikufa.

Alhamisi, 7 Machi

Nimegundua kichekesho. Nikikanyaga cherehani, mapigo yanapanda kuliko nikitembea. Nikampigia mwalimu. Akasema kimashine changu kinahisi mtikisiko wa mwili, kwa hiyo nikishona kinadhani nakimbia, nacho kinaongeza mwendo. Nisiitegemee sana saa, akasema, kipimo cha kweli ni pumzi yangu. Nitembee kiasi cha kuweza kuongea bila kuhema, ila nisiweze kuimba.

Nilipomsimulia Kaka akasema kuimba sikuweza hata kabla ya ugonjwa.

Jumatatu, 11 Machi

Kaka ameondoka alfajiri kwenda kufunga geti la shule moja nje ya mji, analala hukohuko. Nyumba imekuwa kimya, na mimi kimya cha mchana sikipendi. Cha usiku kina sababu yake.

Asubuhi nilimwaga kopo la vifungo nikitafuta vya kahawia, mkanda wa akiba ukaanguka nao ukiwa bado umekunjwa kama ulivyotoka dukani. Nikaurudisha, nikashona, kisha nikainuka kutembea. Mara hii nilipofika mwisho wa korido nikasukuma mlango wa chumba cha Baba, nikaingia. Sijui kwa nini. Huwa tunafagia kila Jumamosi na kufunga.

Kitanda chake bado kipo, kichwa kimeelekea ukuta wa karakana. Nilisimama pale kuvuta pumzi, nikaitazama saa. Ilikuwa imeandika arobaini na nne.

Nikaigonga kwa kidole. Arobaini na nne. Sikuhisi kizunguzungu, sikuhisi lolote, isipokuwa baridi ya mikono. Nikarudi nyuma hatua moja moja, macho kwenye saa, na nilipovuka kizingiti ikaandika sabini na mbili. Nikaingia tena. Arobaini na nne.

Niliufunga mlango, nikaenda kushona mpaka giza, na nilikanyaga cherehani kwa nguvu zangu zote ili nisisikie kitu kingine.

Jumanne, 12 Machi

Kaka amerudi. Nimeingia chumba cha Baba naye akiwa nyumbani. Sitini na nane. Upuuzi mtupu wa saa ya bei rahisi.

Jumapili, 17 Machi

Kaka siku hizi amekuwa mzito. Akikaa, hainuki mpaka aitwe mara mbili. Akiinuka, anashika ukuta na kusimama kidogo kama mtu anayekumbuka neno. Nikamwambia uvivu wa uzeeni ni ugonjwa mbaya. Akasema, "Na ulimi wako?" Tumeishia hapo.

Kopo la vifungo limehamishwa kutoka rafu ya juu hadi ya chini. Nawashuku akina mama wateja, kwa kupekuapekua hawajambo.

Alhamisi, 21 Machi

Imerudi.

Nilikuwa natembea, mashine ya kuchomelea inanguruma huko nyuma, saa inasoma themanini na kitu. Ngurumo ikakoma. Nikafika chumba cha Baba, nikakaribia kichwa cha kitanda, na saa ikashuka yenyewe: sabini, hamsini na tisa, arobaini na sita. Nikasimama palepale. Mashine ikaanza kunguruma tena upande wa pili, na namba ikapanda na kuwa yangu.

Nimerudia mara tatu mchana kutwa. Ikinguruma, napata mapigo yangu. Ikinyamaza, napata mapigo ya mtu mwingine.

Nimeandika "mtu mwingine". Nimelitazama neno hilo kwa muda, na sijalifuta.

Ijumaa, 22 Machi

Sikuingia. Nimetembea nusu korido.

Jumatano, 27 Machi

Baba alikuwa fundi wa kuchomelea kabla ya Kaka, na karakana ile aliijenga yeye. Alianguka chumbani mwake mchana wa mvua kama hizi, mlango umefungwa. Mimi nilikuwa chumba cha mbele nashona magauni ya harusi ya watu, na cherehani yangu ya wakati huo ilikuwa na kelele za kutosha mtaa mzima. Tulipoufungua mlango alikuwa amelala chini kando ya kitanda, mkono umegusa ukuta. Madaktari waliomwona walisema moyo ulikuwa umechoka siku nyingi. Mama alikuwa akisema moyo wa mumewe hupiga kama mgeni mwenye haya, akigonga mlango mara moja kisha anasubiri.

Leo wakati wa chakula nikamwuliza Kaka, "Unadhani Baba alitugongea ule ukuta?"

Akaacha kutafuna. "Kwa nini unauliza leo?"

Nikamweleza habari ya saa. Nilidhani atanicheka mpaka nijute, na nilikuwa nimejiandaa kwa hilo. Hakucheka. Akaniuliza ni saa ngapi hasa ninapoiona hiyo namba, na ninasimama wapi. Kisha akasema, "Usiingie kile chumba. Tembea huku mbele."

"Kwa sababu gani?"

"Kwa sababu nimesema."

Kaka hajanikataza kitu tangu nilipokuwa msichana. Ameinuka akaacha nusu sahani.

Jumatatu, 1 Aprili

Thelathini na nane.

Binti alisema kwenye simu nibadilishe betri ya saa. Nimebadilisha. Thelathini na nane na betri mpya.

Jumanne, 2 Aprili

Mvua. Thelathini na nane.

Jumatano, 3 Aprili

Mvua. Thelathini na sita. Moyo huo umekawia sana kati ya pigo na pigo. Kile kialama cha moyo kinachowaka kwenye kioo kila pigo, nilidhani kimezima, kisha kikawaka.

Jumamosi, 6 Aprili

Ugomvi.

Kaka alikuwa amebeba fremu ya dirisha na mteja wake, akaiachia. Ilimkosa mteja mguu chupuchupu. Alivyoingia ndani nilimwona amelowa jasho na uso umepauka, nikajua la kufikiri: ameanza ulevi. Nikamwambia hivyohivyo, sikumpaka mafuta. Nikamwambia sikutoka kwenye kitanda cha hospitali ili nije kulea mlevi, na kama anataka kunikatisha moyo afanye kazi hiyo haraka, maana betri yangu ina dhamana.

Aliketi akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema taratibu, "Sijaonja kitu, mdogo wangu. Ninachoka tu."

Alivyoniita mdogo wangu, badala ya Bi Betri, niliona aibu, na aibu ikanizidishia hasira. Nikaenda zangu.

Ninamwogopa kidogo. Namkuta amesimama mlango wa karakana anatazama mvua, kiganja kimebanwa kifuani kama anayezuia kitu kisidondoke. Akiniona anakishusha. Kuna jambo anajua kuhusu chumba kile na hataki nilijue. Au huenda anaona kwamba mimi ndiye ninayekwisha, na ile namba ni yangu kweli, na hana moyo wa kuniambia. Nimeliwaza hilo la pili zaidi ya la kwanza. Nimeanza kupanga nguo zangu, kama mtu anayeaga.

Jumatatu, 8 Aprili

Thelathini na tatu. Nimeandika, nimetoka.

Jumatano, 10 Aprili

Naandika kwenye benchi la hospitali, daftari gotini, atakayesoma anisamehe mwandiko.

Asubuhi ilikuwa zamu yangu ya kliniki. Mwalimu wa mazoezi akasoma kurasa zangu. Ni kijana mpole asiye na haraka. Alipofika kwenye zile namba akarudi nyuma, akazisoma tena.

"Mama, hizi si zako," akasema.

"Zimo kwenye saa yangu."

"Ndiyo, ila haziwezi kuwa zako. Kimashine chako kimepangwa sitini. Moyo ukitaka kushuka chini ya hapo, chenyewe kinaupiga. Leo asubuhi tumekipima, hakijakosa hata mara moja. Ungekaa kitandani mwezi mzima bila kujigeuza, usingepata thelathini na tatu."

Nikamwuliza ni za nani, basi. Nilimwuliza kwa sauti ndogo, maana jibu nililokuwa nalo halikuwa la kusemwa kliniki.

Akageuza saa yangu akaitazama mgongo. Akasema saa za mtindo huu hazichagui, husikia mkanda wowote ulio karibu, hata ukuta ukiwa katikati. Mikanda miwili ikikaribiana, saa huchanganyikiwa, ikashika wa jirani. "Nyumbani kuna mwingine anayevaa mkanda kama huu?"

"Hakuna."

"Basi atafutwe," akasema, na mara hii hakuwa mpole. "Mwenye moyo wa thelathini na tatu asikae peke yake."

Nilirudi kwa gari la kukodi. Njia nzima nilijiambia hakuna, hakuna, mpaka lilipoingia mtaani kwetu ndipo nikaliona kopo la vifungo akilini mwangu, likiwa kwenye rafu isiyo yake. Nilifika nikalimwaga sakafuni na viatu vya tope miguuni. Vifungo tu.

Mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba nisingesikia mtu hata akinena sikioni. Nikaenda chumba cha Baba, nikakaribia ukuta. Saa ikashuka: ishirini na tisa. Ishirini na saba. Halafu vistari viwili, yaani haisikii kitu. Nikaubana mkono wote ukutani, pale mkono wa Baba ulipokuwa. Vistari. Vistari. Ishirini na nne.

Nikaupiga ukuta kwa ngumi. "Kaka." Hakuna.

Nikatoka kwa mlango wa uani. Mlango wa karakana ulikuwa wazi nusu, na ndani mashine ya kuchomelea ilikuwa inanguruma. Nikasimama kwenye mvua. Mwaka huu wote nimeambiwa na kila mwenye koti jeupe nisiisogelee ile mashine ikiwa hai, na hapo nilielewa kwa nini watu hufia mlangoni pa watu wao. Miguu ilitaka kuingia, mwili ukakataa. Nikapiga moyo konde, nikarudi ndani ya nyumba mbio, mbio za kweli, wala sikuweza kuongea wala kuimba, nikafungua kisanduku cha umeme na kuivuta swichi kubwa chini. Taa zikazimika nyumba nzima. Ngurumo ikafa. Ndipo nikaingia.

Alikuwa ameketi sakafuni, mgongo kwenye ukuta wa chumba cha Baba, kinyago cha kazi amekisukuma juu ya kichwa, kama aliyeacha kazi bila kupata muda wa kuzima mashine. Uso ulikuwa na rangi ya majivu. Shati lilikuwa wazi, na kifuani, umekazwa barabara, ulikuwa mkanda wangu wa akiba.

Nikapiga magoti. Nikataka kuufungua ili apumue, akanishika kifundo cha mkono. Hakuwa na nguvu za kushika, aliuweka mkono tu.

"Usiuvue," akasema. "Ukiuvua nitaanguka."

Maneno hayo yalikuwa yangu.

Nikamlaza chini, nikainua miguu yake juu ya kreti, nikamwambia aendelee kunitukana asinyamaze. Nikatoka uani nikapiga kelele mpaka jirani yetu mwenye pikapu akaja na kandambili moja mguuni. Tulimbeba pamoja. Njiani niliweka kichwa chake mapajani na saa mbele ya macho yangu, na safari yote ile, mashimo yote yale, nilikuwa nasubiri kialama kiwake. Kinawaka. Kinakaa. Namwita. Kinawaka.

Wamemwingiza ndani. Mkanda wamenipa mkononi, bado una joto lake.

Alhamisi, 11 Aprili

Wamemtilia waya wa muda kupitia shingoni, unaendesha moyo kutoka kwenye sanduku pembeni ya kitanda. Amepata rangi. Nimeruhusiwa kuingia.

"Ulijua tangu lini?" nikamwuliza.

Alijua tangu mwaka jana, kabla hata ya mimi kuugua. Alikwenda peke yake, wakamwambia moyo wake unachelewa, na ni ugonjwa wa ukoo wetu, na dawa yake ni kushonewa kimashine. Akauliza kuhusu kuchomelea. Wakamwambia asahau kuchomelea. Akavaa shati lake akaondoka. "Mimi bila ile kazi ni nani?" akasema. "Mzee anayekaa kibarazani anatazama miguu ya watu."

Kisha ukaja mzigo wa binti yangu, na mimi na mdomo wangu.

"Nikaona huu mkanda ndio dawa yangu," akasema. "Fundi wa nje. Fundi unayeweza kumvua ukifika kazini, ukamvaa ukimaliza. Nikichomelea nauning'iniza kwenye msumari, nikipumzika nauvaa. Na nilipata nafuu, usidhani natania. Siku za mwanzo nilipata nafuu kabisa."

Mtu huyu anafumua injini na kuiunga usiku mmoja. Akishika chuma gizani anakwambia ni cha nini. Na hakuniuliza mara ya pili, kwa kuwa mimi ndiye mgonjwa, mimi ndiye niliyekaa na madaktari, na alinisadiki. Ndiyo maana alinikataza chumba kile. Aliposikia saa yangu inaonyesha namba ndogo aliogopa kwamba mkanda wake unaninyang'anya nguvu kupitia ukutani. Alihamisha benchi lake la kupumzikia mwisho mwingine wa karakana kwa siku mbili, akashindwa kuvumilia paa linalovuja, akarudi.

Nikamwambia ukweli. Nilimwambia huku nalia, na mimi si mtu wa kulia. Mkanda haupigi moyo. Mkanda haufanyi kitu chochote. Unasikiliza tu.

Akatazama sanduku pembeni yake likihesabu.

"Unasikiliza tu," akasema.

"Ndiyo."

"Wiki zote zile nimekufa nao kidogo kidogo, umesikiliza tu." Akafumba macho. "Kama wewe na saa yako, basi. Nenda nyumbani ukaoge, unanuka mvua."

Jumatatu, 15 Aprili

Wamemshonea. Sitini, kama mimi.

Jumanne, 23 Aprili

Yuko nyumbani. Anakaa karakana, taa haijawashwa, kinyago mapajani. Nimempelekea chai, imepoa palepale. Kabla ya mwezi huu ningemwita mkaidi. Sasa namtazama na ninaona mtu aliyeamka kwenye nyumba isiyo yake.

Karakana imenyamaza mno. Nashona, na mguu wangu unasubiri ile ngurumo ili nishindane nayo.

Jumanne, 30 Aprili

Kaka: "Nikilala nausikia unapiga. Kama mtu mwingine anapiga hodi kwa niaba yangu."

Nikamwambia atazoea. Nami bado sijazoea.

Jumapili, 5 Mei

Amekubali kupima na kuchora mageti, wachomelee mafundi aliowafundisha zamani, huko kwao, mbali naye. Amesema kwa kununa, lakini penseli ilikuwa tayari sikioni.

Jumatatu, 13 Mei

Leo jua. Tope limekauka, lakini Kaka hakutaka kutoka mara ya kwanza hadharani na mwendo wa mgonjwa, kwa hiyo nimemtembeza korido yangu. Mimi na mkanda wangu, yeye na ule wa akiba, saa moja mkononi mwangu. Kazi ya saa leo ilikuwa mchezo. Inashika wangu, inaruka wake. Kila ikibadilika ananiuliza, "Wangu au wako?" na mimi nasema sijui, ongea nisikie kama unahema. Amenitukana vizuri, pumzi haikukatika. Nilikuwa nimesahau kwamba kaka yangu ni mchekeshaji.

Tulipofika mwisho wa korido alisukuma mlango wa chumba cha Baba yeye mwenyewe, tukaingia kupumzika. Yeye akaegemea kabati, mimi nikasimama karibu na kichwa cha kitanda. Tukasubiri mapigo yatulie. Themanini. Sabini na moja. Sitini na mbili. Sitini. Hapo yalipaswa kusimama, maana hapo ndipo vilipopangwa vimashine vyetu sote wawili, na hakuna kati yetu anayeweza kwenda chini zaidi.

Saa ikaandika hamsini na tatu. Kisha arobaini na nne.

Nilimwonyesha. Akausogeza mkono wangu karibu na macho yake, akatazama muda mrefu. Akavua mkanda wake, akatoka nao akauweka chumba cha mbele, akarudi. Nami nikavua wangu, akaupeleka. Kifuani petu hapakuwa na kitu tena, na mikanda ilikuwa mwisho mwingine wa nyumba, mbali nasi, na karakana nyuma ya ukuta ilikuwa imefungwa kwa kufuli.

Arobaini na nne. Kialama kikiwaka, kikasubiri, kikawaka, kama mgeni mwenye haya.

Ndipo nikakumbuka ile siku ya kwanza, tarehe kumi na moja Machi. Kaka alikuwa nje ya mji anafunga geti. Mkanda wa akiba niliushika kwa mkono wangu asubuhi ile, umekunjwa ndani ya kopo. Nikamwambia. Akautazama ukuta, pale chini, usawa wa mkono wa mtu aliyelala sakafuni.

Kisha Kaka akavua kofia.

"Shikamoo, Baba," akasema.

Mara ya mwisho nilipaswa kumsikia nilikuwa nashona. "Shikamoo, Baba," nikasema na mimi. "Tunakusikia."

Tulisimama hapo mpaka saa ikaandika vistari. Halafu tukatoka, tukauacha mlango wazi.